Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Msaidizi wa Kisheria, Masomo Yake na Anayelipa Mshahara

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipozinduliwa jijini Dodoma mwezi Aprili 2023 na kuanza kuzunguka mikoani, safu hii imekuwa ikipokea barua nyingi zinazouliza namna ya kuwa msaidizi wa kisheria. Nimechagua sita zinazogusa karibu kila jambo linaloulizwa, na nimezifupisha bila kubadilisha maana. Natanguliza jambo moja ambalo barua karibu zote zimelisahau: kabla ya kuuliza chuo kipi, jiulize nani atakayekulipa. Msaidizi wa kisheria anayewahudumia wananchi wasio na uwezo hatozi mtu fedha, na kwa kawaida ni mtu wa kujitolea. Anayepokea mshahara ni yule aliyesomea sheria kwa ngazi ya astashahada au stashahada, akaajiriwa na ofisi ya wakili, Mahakama, halmashauri au kampuni. Njia hizi mbili zina masomo tofauti na wasimamizi tofauti, na anayezichanganya huishia kulipia mafunzo ya njia moja huku akisubiri ajira ya njia nyingine.

*Shikamoo mwandishi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nikapata daraja la nne lenye D tano, ikiwemo ya Kiswahili, ya Historia na ya Elimu ya Dini. Nyumbani wanasema nisome ushonaji, lakini mimi moyo wangu uko kwenye sheria. Je, kwa matokeo haya naweza kuwa msaidizi wa kisheria na nikapata kazi? — Binti wa Singida*

Marahaba, binti. Matokeo yako yanakutosha kuanza. Vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, humpokea mwanafunzi wa astashahada ya awali akiwa na ufaulu wa masomo angalau manne yasiyo ya dini, na wewe ukiitoa D ya Elimu ya Dini unabakiwa na nne kamili. Astashahada hiyo ya sheria husomwa kwa mwaka mmoja. Chuo kinachojulikana zaidi kwa masomo haya ni Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto, mkoani Tanga, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998 na ambacho wanafunzi wake wengi hufikiria kufanya kazi mahakamani tangu siku wanapojiunga. Chuo Kikuu Mzumbe na vyuo vikuu vingine navyo hutoa astashahada na stashahada ya sheria, ila chuo kikuu kinaweza kuweka masharti ya juu kuliko kiwango cha chini nilichokitaja, kwa hiyo soma tangazo la udahili la mwaka husika badala ya kutegemea aliyoyakuta dada yako au jirani.

Ukimaliza astashahada unaweza kuendelea na stashahada kwa miaka miwili. Waliomaliza kidato cha sita huingia stashahada moja kwa moja wakiwa na angalau ufaulu mkuu mmoja na ufaulu mdogo mmoja. Mwenye stashahada aliyepata wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada ya sheria kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada yake badala ya matokeo ya kidato cha sita, na baada ya shahada hutakiwa kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Ngazi hiyo ya mwisho si lelemama. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalizua kilio kikubwa kiasi cha Serikali kuunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kwa nini wahitimu wengi wa vyuo vikuu walikuwa wanafeli. Sikutajii hayo ili kukutisha, bali nataka uione safari yote ilivyo, kwa kuwa wapo vijana wanaosoma astashahada wakiamini kwamba uwakili uko hatua moja mbele yao.

Sasa nije kwenye kazi, ambayo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonigusa zaidi. Mwenye astashahada ya sheria anaweza kuomba nafasi ya karani wa mahakama pale zinapotangazwa. Nafasi nyingine ambayo vijana wengi wa sheria huipita bila kuiona ni ya Mtendaji wa Kijiji, kwa sababu matangazo ya halmashauri huitaja sheria miongoni mwa fani zinazokubalika, pamoja na utawala, elimu ya jamii, maendeleo ya jamii na usimamizi wa fedha. Mtendaji aliyesoma sheria ana faida kubwa: ndiye mlinzi wa amani wa kijiji chake na mtunza kumbukumbu za mikutano, na migogoro mingi ya ardhi humfikia yeye kwanza. Iwapo kijijini kwenu mtendaji amestaafu na nafasi haijajazwa, fuatilia matangazo ya halmashauri yenu.

Njia ya tatu ni ofisi za mawakili. Hapa nazungumza kama mtu aliyekulia katika ofisi hizo, na naona kazi hii haielezwi vya kutosha. Msaidizi katika ofisi ya wakili huingiza mashauri katika mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, huchukua namba ya malipo na kuhakikisha ada imelipwa, hupanga viambatisho, huenda kufanya upekuzi wa hati miliki katika ofisi ya Msajili wa Hati, hufuatilia usajili wa kampuni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na juu ya yote hutunza shajara ya ofisi, daftari la tarehe zote za mashauri. Shajara ndiyo inayomtofautisha msaidizi mzuri na mbaya. Mdaiwa anayepelekewa hati ya madai katika shauri la kawaida ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi, na anayekata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30. Tarehe ikiandikwa vibaya, mteja anaweza kupoteza haki ambayo ushahidi wote ulikuwa upande wake, na wakili atalazimika kuomba muda uongezwe huku akieleza jambo la aibu. Mawakili humthamini msaidizi asiyekosea tarehe kuliko anayejua vifungu vingi kwa kichwa, na ukipata ofisi ya namna hiyo usiiache haraka kwa ajili ya tofauti ndogo ya mshahara.

Ipo njia ya nne ambayo haina ushindani mkubwa. Kanuni za mwaka 2017 zinazosimamia madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka za mahakama zinamtaka mwombaji awe na cheti cha umahiri kutoka chuo kilekile cha Lushoto. Msambaza nyaraka hulipwa kwa kila wito au hati anayoifikisha kwa mhusika. Ni kazi ya miguu na pikipiki, na wakati mwingine ya kufungiwa mlango, lakini ina malipo halali na mtu anaweza kuifanya kwa uhuru wake.

Watu wazima watakuambia pia kwamba mwenye cheti cha sheria huwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Ilikuwa hivyo zamani, lakini siku hizi Mahakama huajiri mahakimu wenye shahada, kwa hiyo usiipange safari yako kwa hesabu hiyo.

*Mheshimiwa mwandishi, kuna watu wamefika mjini kwetu wakitangaza mafunzo ya wiki mbili ya usaidizi wa kisheria ukumbini, kwa ada inayolipwa kwa simu, na wanaahidi kitambulisho na ajira serikalini baada ya mafunzo. Mwanangu amenisihi nimlipie. Nifanye nini? — Baba wa Kahama*

Usilipe mpaka umeuliza maswali mawili. La kwanza ni kama chuo hicho kimesajiliwa na NACTVET, au na Tume ya Vyuo Vikuu endapo ni chuo kikuu. Orodha za vyuo vilivyosajiliwa ziko wazi kwenye tovuti za taasisi hizo, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuziangalia. La pili ni kama mafunzo hayo yanatolewa na asasi iliyosajiliwa kwa Msajili wa Msaada wa Kisheria, aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria na mwenye wasaidizi katika ngazi za mkoa na wilaya. Nenda ofisi ya halmashauri, uulize kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, naye atakuelekeza.

Mafunzo mafupi ya wasaidizi wa kisheria yapo na ni halali, lakini hayo humwandaa mtu kuhudumia jamii chini ya asasi, na mara nyingi asasi yenyewe hugharimia mafunzo kwa watu iliowachagua. Mahali popote ambapo mafunzo ya wiki mbili yanauzwa pamoja na ahadi ya ajira serikalini, ahadi hiyo ni ya uongo, kwa sababu ajira za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma au na mwajiri aliyepewa kibali, na mwombaji hufanyiwa usaili. Ada hiyo ingefaa zaidi kuwa mwanzo wa karo ya astashahada.

*Ndugu mwandishi, mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja wilayani Kilosa. Nilipata mafunzo kupitia asasi na nimekuwa nikisaidia watu kuhusu mirathi, ardhi na ndoa. Watu hunipa shilingi elfu tano au kuku kwa ajili ya kuwaandikia maombi, na baadhi ya wenzangu wanasema ni kosa. Je, ni kosa? Na je, uzoefu wangu unaweza kunifikisha popote, au nitabaki kujitolea maisha yangu yote? — Mtumishi wa watu, Kilosa*

Ndugu yangu, swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: ndiyo, ni kosa, na uache. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowapa wasaidizi wa kisheria nafasi rasmi Tanzania Bara kwa mara ya kwanza, imejengwa juu ya msingi kwamba huduma hiyo ni bure kwa asiye na uwezo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Elfu tano inaweza kuonekana kuwa ni shukrani tu, lakini siku mtu mmoja akishindwa kesi na kukumbuka kwamba alikulipa, shukrani hiyo itasomeka kama ada, nawe utakuwa umeichafua asasi yako na kazi ya wenzako wote katika wilaya. Kuhusu kuku, nakuelewa kwamba kukataa zawadi ya mgeni kijijini ni jambo gumu. Waambie mapema, kabla hujawasikiliza, kwamba hupokei chochote, na uweke tangazo hilo ukutani pale unapofanyia kazi. Gharama za nauli na karatasi ni za asasi kuzibeba kutoka kwenye bajeti zake. Kama haizibebi, lijadilini kwenye kikao na si kwa wananchi.

Sheria hiyo inakuruhusu kufanya mengi. Unaweza kutoa elimu ya sheria, kumwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika, kumsaidia kufuata taratibu za kupata nyaraka anazozihitaji, na kuwashauri waliogombana watafute suluhu. Huruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, wala kujitambulisha kama wakili. Hata katika Mahakama ya Mwanzo, ambako hakimu anaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwa mdaawa asimame kwa niaba yake katika shauri la madai, ruhusa hiyo hutokana na undugu, kwa hiyo mafunzo yako hayakupi nafasi hiyo.

Kwa kuwa umetaja mirathi, ardhi na ndoa, niruhusu nikae hapo kidogo, maana ndipo msaidizi anapoweza kumwokoa mtu au kumpoteza. Katika mgogoro wa ardhi, wasaidizi wengi waliopata mafunzo zamani bado wanawaambia watu kwamba Baraza la Kata litaamua kesi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena uamuzi wa nani mwenye ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 mlalamikaji ana haki ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akikaa miezi sita akisubiri uamuzi wa kata ambao hautakuja, huku mwenzake akijenga, kosa litakuwa la aliyemshauri.

Katika ndoa, anayetaka talaka mahakamani hutakiwa kwanza, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, apitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa na apate hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mwanamke anayekwenda mahakamani bila hati hiyo atarudishwa, na nauli aliyoiazima itakuwa imepotea. Katika mirathi, msaidizi anamfaa mjane kwa kumkusanyia mapema cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na majina ya warithi wote, kisha kumweleza kwamba msimamizi wa mirathi hapewi mali iwe yake, bali anapewa jukumu la kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Ugomvi mwingi wa mirathi ninaoupokea ofisini kwangu ulianza kwa kaka mkubwa aliyedhani kwamba barua ya usimamizi ni hati ya umiliki, na hakukuwa na mtu wa kumweleza tofauti.

Kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi, jambo la kwanza la kumwuliza ni tarehe. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo huisha haraka kwa mtu anayeendelea kumbembeleza mwajiri amrudishe.

Lipo na jambo ambalo usilisuluhishe hata ukiombwa na wazee wa pande zote mbili, nalo ni ubakaji, ulawiti na ukatili dhidi ya mtoto. Hayo ni makosa ya jinai. Kazi yako ni kumfikisha aliyeumizwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kuhakikisha amepewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, na amefika hospitali mapema, na kuandika ulichoelezwa kwa maneno yake. Msaidizi anayekaa kwenye kikao cha kupatana kuhusu mtoto aliyebakwa, hata kama nia yake ni amani, anaweza kujikuta akiulizwa maswali na polisi.

Swali lako la pili halina jibu la mkato. Uzoefu wako una thamani kwa waajiri wa aina fulani: asasi zinazotoa msaada wa kisheria, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, au Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, huhitaji watu wa miradi wanaoijua jamii, na anayeomba akiwa na daftari la mashauri lililotunzwa vizuri, lenye tarehe, aina ya tatizo, hatua iliyochukuliwa na matokeo, husimama mbele ya mhitimu ambaye hajawahi kumsikiliza mjane. Hata hivyo, fedha za asasi hizi hutegemea sana wafadhili. Mfuko wa huduma za kisheria unaojulikana kama LSF, ulioanza mwaka 2011 na kufadhili wasaidizi wa kisheria katika wilaya za Bara na Zanzibar, uliwezeshwa kwa fedha za washirika wa maendeleo, ikiwemo Denmark, na mradi wa namna hiyo ukibadilisha vipaumbele, mikataba ya watu nayo hubadilika. Kampeni ya Mama Samia nayo imewapa wasaidizi wengi kazi ya siku kadhaa pamoja na mawakili wa Serikali na wa kujitegemea, lakini kampeni haina ajira ya kudumu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni kuutafuta mshahara kwa mlango mwingine, huku ukiendelea kusaidia kijiji chako kadiri unavyoweza. Kama una cheti cha kidato cha nne, soma astashahada, hata kama umepita umri wa wenzako darasani; utashangaa jinsi somo la mirathi linavyokuwa jepesi kwa mtu aliyeliona likitokea. Kama huna, rudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Bila cheti hicho vyuo havitakupokea, hata ukiwa na barua za sifa kutoka kwa diwani.

*Hujambo mwandishi? Mimi ni mkazi wa Kilifi nchini Kenya. Nilipata mafunzo ya wiki moja ya haki za ardhi kutoka kwa shirika moja, na sasa watu wananiita msaidizi wa kisheria. Je, cheti hicho kinatosha, au ni lazima nisome Nairobi? — Kijana wa Kilifi*

Sijambo, ndugu yangu. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyoanzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na taasisi hiyo ndiyo inayowaidhinisha wasaidizi wa kisheria na watoaji wengine wa msaada huo. Cheti cha wiki moja kinaonyesha kwamba ulihudhuria, hakikupi idhini. Kama unataka kuendelea na kazi ya kijamii, jiunge na shirika lililoidhinishwa na uombe idhini kupitia kwalo. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kimekuwa kikifundisha watu wa mitaani na vijijini kwa miaka mingi na kina uzoefu wa migogoro ya ardhi ya Pwani, ambayo, kama unavyojua kuliko mimi, ina historia yake ya maskwota na wenye ardhi wasiokaa huko.

Ukitaka kazi ya mshahara, chuo cha kufikiria kwanza ni Kenya School of Law, ambacho hutoa stashahada ya usaidizi wa kisheria kwa miaka miwili. Wahitimu wake hufanya kazi katika ofisi za mawakili, katika idara za kisheria za kaunti na mashirika, na Mahakama nayo huwaajiri wenye stashahada ya namna hiyo kama wasaidizi wa mahakama. Tahadhari yangu ni moja. Wengi huichukua stashahada hii kama njia ya pembeni ya kufikia uwakili, na suala la nani anayestahili kuingia katika mafunzo ya mawakili kwa kupanda kutoka stashahada hadi shahada limebishaniwa mahakamani zaidi ya mara moja. Kama alama zako za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zilikuwa chini, zungumza na chuo chenyewe kwa maandishi kabla ya kulipa karo ya shahada, na uitunze barua ya majibu.

*Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa Wete, Pemba. Je, Sheria ya mwaka 2017 unayoitaja mara kwa mara inatuhusu na sisi? — Msomaji wa Wete*

Waaleykum salaam, maalim. Hapana. Sheria ya mwaka 2017 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na msimamizi wake ni Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu miaka ya 1990, kimewafundisha wasaidizi wa sheria wa Unguja na Pemba. Mtu mwenye elimu yako ana nafasi nzuri ya kuwafaa watu wa shehia yake, kwa kuwa mashauri ya talaka, matunzo ya watoto na mirathi ya Waislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na anayekuja kwako anahitaji mtu anayeifahamu fiqhi na pia utaratibu wa mahakama. La kwanza unalo tayari. La pili utafundishwa.

*Mwandishi, napenda sana sheria lakini Kiingereza changu ni kibovu. Nimeambiwa siku hizi sheria ni Kiswahili tu. Je, ni kweli, na nisome bila hofu? — Msomaji wa Songea*

Ni kweli nusu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria, huku yakiruhusu Kiingereza kitumike pale maslahi ya haki yanapohitaji. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani, kwa hiyo msaidizi anayefanya kazi katika ngazi hiyo, pamoja na mabaraza ya kata na ya ndoa, hatakwama kwa sababu ya lugha. Tafsiri rasmi za sheria nazo zinaendelea kutolewa.

Ila maamuzi mengi ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo yanayosomwa vyuoni na kutegemewa ofisini, yameandikwa kwa Kiingereza, na mikataba ya benki na kampuni vivyo hivyo. Chuoni utafundishwa na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Usiahirishe masomo kwa sababu hiyo, lakini anza sasa: chukua hukumu moja fupi kutoka TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya maamuzi ya mahakama inayosomwa bila malipo, isome na kamusi pembeni, kisha uandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja unaoeleza nani alimshitaki nani, alidai nini, na mahakama ilisema nini kwa sababu gani. Chagua hukumu za mirathi au za ardhi kwanza, kwa kuwa mambo yake unayafahamu tayari na yatakusaidia kukisia maana ya maneno usiyoyajua. Ukiweza kuandika ukurasa huo bila kuuliza mtu, unaweza kujaza fomu ya kujiunga na chuo.